Alituhamisha Sote, Yeye Akabaki Ufukweni

Alifia kitandani mwake, maji ya ziwa yakiwa chini ya kitanda. Msije mkasema alizama. Hakuzama. Ugonjwa wa koo ndio uliomchukua. Maji yalikuja msibani kama sisi wengine, ila yenyewe yaliwahi kufika. Tukambeba kwenye machela ya miti, tukampandisha mwinukoni, kule kule alikotuambia miaka yote tuhamie. Na mkewe amebaki chini, majini. Leo watu wakipita hapa kwangu wananiuliza, "Bibi, wewe ulikuwa unamwiga mpaka kikohozi chake. Wewe shemeji yake. Kwa nini hukumwambia ahame?"

Nilimwambia. Kaeni kwanza mumjue mtu mwenyewe, ndipo mtajua nilivyomwambia.

Alizaliwa wapi, babu yake nani, hayo kawaulizeni wanaoandika vitabu vya kanisa. Mimi sikusoma. Hata jina langu likiandikwa ukutani nitalipita kama mgeni nisiyemjua. Na lake siwapi. Kwetu alikuwa diwani, basi, aliitwa Mheshimiwa. Mkewe mwenyewe alimwita hivyo, anatokeza kichwa mlangoni, sauti nyembamba kama filimbi: "Mheshimiwaaa, ugali unapoa!" Na Mheshimiwa anajibu kutoka chooni kwa sauti ya mkutano, "Hoja imepokelewa!"

Alikuwa mtu mfupi. Ile sauti sijui aliiweka wapi. Misa ikiisha padri anageuka, anasema kwa pua, padri wetu yule wa zamani alikuwa anasemea puani: "Wapendwa, msitawanyike, Mheshimiwa ana neno dogo." Neno dogo! Lilikuwa linaanza uji wa asubuhi bado uko tumboni, linakwisha utumbo umeshikana na mgongo. Anasimama pale mlangoni pa kanisa, mlangoni hasa, ili asitoke mtu. Mikono anaiweka nyuma. Anakohoa kile kikohozi chake cha kufungua njia, halafu: "Ndugu wananchi wenzangu! Hamjambo wa kulia? Hamjambo wa kushoto? Hamjambo na nyie mliokaa karibu na dirisha?"

Kwanza habari. Enzi hizo wilaya yetu ilikuwa bado Mbinga, vikao vyao vilikuwa huko juu Umatengoni kwenye baridi na kahawa. Akirudi anakuja na koti zito jeusi, analivaa hapa ziwani kwenye joto letu, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu. Nikamwuliza siku moja, "Shemeji, hilo koti unaliivisha?" Akasema, "Nikilivua mtasema sikufika." Na habari zake hakuzipaka mafuta. Wengine wakitoka kikaoni wanakwambia mambo yako mbioni. Yeye anasema, "Daraja nimeomba, sikupewa. Nimepiga meza, mkono umeuma, daraja halijaja. Dawa za zahanati zinakuja, lakini msiugue kabla." Watu wanacheka, halafu wanarudi nyumbani wanajua daraja hakuna, wanatafuta gogo la kuvukia.

Baada ya habari, msimu. Hapo ndipo alipokuwa mtamu. Mvua hazijaanza, anasema, "Muhogo wa bondeni ng'oeni sasa. Ukiuacha mtakula maji ya muhogo. Na wewe mzee pale, paa lako nimeliona, nyota zinaingia bila hodi." Mvua zikishika, anasema tuchemshe maji, vyoo tuvifunike, mtoto akiharisha tusikimbilie kwa mganga, tukimbilie Liuli hospitali. Mvua zikikatika anainua kidole kama mtu anayenusa: "Mwera unakuja. Upepo huu hauna undugu na mtu. Mwenye mtumbwi mdogo avue karibu, mke wake amwone." Na kwa sisi akina mama wa dagaa: "Kausheni juu ya miti, kwenye chanja, si mchangani. Nimekula dagaa Mbinga, nikasikia meno yanasaga, nikajua hawa wametoka kwetu. Nimeona aibu mbele za Wamatengo!"

Mimi haya yote nilikuwa nayarudia jioni pale tunapoanikia, kwa sauti yake, mikono nyuma, tumbo mbele. Wanawake wanaanguka. Siku moja najimwaga hivyo, nawaambia, "Ndugu wananchi, dagaa si mbegu, msiwapande mchangani!" naona wenzangu wamenyamaza. Kugeuka, yupo nyuma yangu. Nikasema leo nimekwisha. Akanizunguka, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Shemeji, tumbo limezidi. Langu haliko hivyo. Mengine sawa." Akaenda zake. Kesho yake kanisani akasema ile ya mbegu kama yake.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na yake. Anatuhubiria kuchemsha maji mpaka sauti inakauka, akimaliza anashuka ziwani, anachota kwa kiganja, anakunywa. Nikamnyooshea kidole. Akasema, "Maji ya kuchemsha yana ladha ya sufuria." Anatuambia vyandarua ni vya kulalia, atakayevulia dagaa kwa chandarua atamfikisha kwa mtendaji. Ukienda kwake, banda la vifaranga limefunikwa na nini? Chandarua. Nikamwuliza, "Kuku nao wana malaria?" Akasema, "Shemeji, uje kuniona kwa miadi."

Lakini jambo la ziwa halikuwa la kucheka.

Ziwa lilianza kupanda. Nyie mliokuja juzi mnadhani lilikuwa hapo siku zote. Lilikuwa mbali. Kutoka nyumba za chini mpaka majini ungechoka na ndoo. Kila mwaka mvua zikiisha tunaona maji hayarudi yalikotoka, yanasogea kama mgeni anayevuta kigoda kidogo kidogo kuelekea chungu. Mheshimiwa akatoka kikaoni, safari hii hakuvaa koti. Akasema, "Ndugu zangu, hameni chini. Viwanja juu vipo, nimeviomba, vimepimwa. Hameni kiangazi hiki."

Hatukutaka. Sisi maisha yetu ni dagaa. Mitumbwi inafika alfajiri, dagaa inabidi wamwagwe kwenye chanja wakiwa bado wanang'aa, jua likichelewa wanaoza. Juu mlimani utawabeba kichwani, maji yao yanakuchuruzikia machoni, ukifika wameshanuka. Jirani yangu mmoja, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo, akasimama kanisani: "Mheshimiwa! Hao dagaa watapanda mlima wenyewe?" Kanisa zima hoi. Akamjibu, "Hawatapanda, mama. Lakini nyumba yako itaogelea." Tukacheka zaidi.

Basi akakata miti. Mwenyewe, na panga lake. Miti mirefu, mizuri, iliyonyooka, akaichimbia kwenye mchanga, mmoja huku mwingine kule, mstari mzima wa ufukwe. Akasema, "Mwaka huu maji yatafika hapa. Mwenye nyumba chini ya mstari wa miti hii aanze kufunga mizigo." Akapanda zake Mbinga kikaoni.

Nyie, mwanamke wa dagaa akiona mti mrefu umenyooka anaona nini? Anaona mguu wa chanja. Miti haipatikani siku hizi, kuni zenyewe unazifuata mbali. Mmoja akang'oa mmoja. Mwingine akasema, kama huo umekwenda, huu unabaki kufanya nini? Aliporudi, mstari hakuna, chanja mpya zimesimama ufukwe mzima, dagaa wamelala juu yake wanameremeta.

Tulingoja atufokee. Akapita katikati ya chanja polepole, anagusa mti, anagusa mti. "Huu wangu. Na huu wangu. Huu nao." Mjane akasema, "Mheshimiwa, si umetuambia tusianike mchangani?" Hakucheka. Akasema, "Sawa, akina mama. Nionyesheni tu mlipoing'oa." Tukatazamana. Mmoja akasema hapa, mwingine akasema hapana, kule kwenye jiwe, mwingine akasema jiwe gani. Hakuna aliyejua. Mchanga ulikuwa umeshafunika mashimo.

Mvua ziliponyesha mwaka ule maji yakafika alikosema yatafika, nadhani, kwa sababu hakukuwa tena na cha kupimia. Yalibeba chanja. Yalibeba nyumba ya mjane. Alitoka na sufuria moja na kitenge alichovaa, ukuta ukaanguka nyuma yake. Alikaa pale kwenye majani analia, na Mheshimiwa akaja akakaa kando yake kwenye matope, na suruali yake ya kikaoni. Hakumwambia, "Nilikwambia." Mimi nilikuwa nasubiri aseme, ningemwiga mpaka leo. Hakusema.

Kiangazi kile tukahama. Kwetu mtu akihama, mlango ndio unatangulia. Matofali utafyatua mengine, nyasi utakata nyingine, mlango ni mbao na bawaba, huuachi. Ukitazama mlima uliona milango inapanda yenyewe, miguu ya watu chini yake. Na Mheshimiwa alibeba milango ya wajane. Na umri ule. Anapanda anahema, mlango kichwani, anashuka, anachukua mwingine. Wangu pia alinibebea. Nikamwambia, "Wako lini?" Akasema, "Wa kiongozi unakuwa wa mwisho."

Mlango wake haukupanda.

Hapo lazima niwaambie habari za mkewe. Mimi na yeye ukoo mmoja, tukiitana dada. Alimkatalia Mheshimiwa jambo la kuhama tangu siku ya kwanza. Nilikuwepo, tunapepeta mchele wa wageni, Mheshimiwa amesimama mikono nyuma anamweleza habari za viwanja. Dada hakuinua hata macho. "Mimi si mwananchi wako, mimi mkeo. Nimezaliwa nasikia maji. Ukinipeleka juu nitalala na nini masikioni?" Akaondoka duniani kabla ya mwaka ule wa chanja, homa tu, siku chache. Alipokuwa anazidiwa akamshika mkono, akasema, "Unizike hapa uani. Usinipeleke juu, wala usiniache peke yangu." Mheshimiwa akasema ndiyo. Angesema nini?

Kwa hiyo alimzika uani, hatua chache kutoka majini. Na tulipohama sisi sote, wengine walihamisha mpaka wafu wao. Padri alishuka, akabariki, watu wakafukua mifupa ya wazazi wakaipandisha kwa heshima. Wakamwambia, Mheshimiwa, na mama pia. Akasema, "Nilimwahidi asiende juu." Wakasema, basi njoo wewe. "Nilimwahidi asibaki peke yake." Hapo alikwama. Mtu aliyetuhamisha sote alikwama kwenye maneno mawili ya mkewe. Akawa anakusanya mawe kila siku, anayapanga kuzunguka kaburi upande wa ziwa. Mawimbi yanayala, anayapanga tena.

Udiwani wenyewe uliisha. Akaja kijana, kijana mzuri, sina neno naye. Huyo hasimami mlangoni pa kanisa, anatuma kwenye simu. Mjukuu alinisomea: "Habari za asubuhi wananchi. Mnatahadharishwa kuwa kina cha ziwa kinaongezeka. Asanteni kwa ushirikiano." Nikasema, hata sijui nimwige vipi, sauti yake haina tumbo. Simu yangu mimi ni ya tochi.

Lakini Mheshimiwa aliendelea kusimama. Hakuna aliyemwambia aache, na padri mpya alimwonea haya. Misa ikiisha anakwenda mlangoni: "Ndugu wananchi wenzangu." Watu wanampitia ubavuni, wanamwamkia, "Shikamoo Mheshimiwa," "Marahaba," wanatoka. Anabaki na sisi vikongwe wa viti vya mbele ambao magoti hayatupi ruhusa ya kukimbia. Anatuambia muhogo, anatuambia mwera, sisi ambao hatuna shamba wala mtumbwi. Tunaitikia.

Halafu koo. Ilianza kama anakwaruza. Tukasema mafua. Sauti ikawa kama tochi ambayo betri zinakufa, leo hafifu, kesho hafifu zaidi. Walimpeleka hospitali, wakampeleka na Songea, akarudi na kitambaa shingoni na habari zake akazitoa vile vile bila mafuta, kwa kunong'ona: "Ni mbaya. Haiponi."

Jumapili moja mvua zikiwa karibu akasimama tena mlangoni. Mikono nyuma. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akafungua tena. Watoto wakacheka, wakadhani ni mchezo. Akainua vidole, akavishusha hivi, mvua. Akaonyesha ziwa, akapandisha kiganja, maji. Akaonyesha mlima. Siku ile hakutoka mtu kanisani, hata mmoja. Halafu akavaa kofia akaenda zake, anashuka chini peke yake, sisi tunapanda. Tangu siku ile sikumwiga tena mbele za watu.

Sasa, mara ya mwisho. Ilikuwa Kwaresima, mvua hazikatiki. Wanangu walikuwa wamemtengenezea chumba hapa uani kwangu, wamekipaka chokaa, kitanda kipo. Nikashuka na uji kwenye chupa. Maji yalikuwa yameshaingia uani kwake. Yale mawe yake yalionekana vichwa tu. Yeye amekaa kizingitini, amekonda, kofia kichwani, anatazama pale.

Nikasema, "Hodi, Mheshimiwa. Sina miadi."

Akanong'ona, "Pita. Ofisi iko wazi," akaonyesha maji mpaka ndani.

Nikamwomba kama shemeji. Nikamwambia chumba kipo, wajukuu wapo, utasikia kelele mpaka uchoke. Akatikisa kichwa. Nikamwomba kwa kulia. Akanifuta machozi na kile kitambaa chake cha shingo, akatikisa kichwa. Nikakasirika. Nikasimama pale pale kwenye maji, yananifika vifundoni, nikaweka mikono nyuma, nikakohoa kikohozi chake.

"Ndugu wananchi wenzangu! Hamjambo wa kulia? Hamjambo wa kushoto?"

Mabega yakaanza kumtikisika, anacheka bila sauti. Nikaendelea. Nilikuwa na sauti yake yote, nyie, ile ya zamani, ya enzi za koti. Sijui ilitoka wapi. "Habari za ziwa si nzuri. Sizipaki mafuta. Mvua bado zipo, na mwera uko nyuma yake. Nyumba hii haitamaliza msimu. Mwenye kuugua asikae kwenye unyevu. Mwenye ndugu juu aende kwa ndugu. Si aibu kubebewa mlango, wengi tumebebewa. Hama, ndugu yangu. Hama leo, mchana huu, kabla hawajaja kukutoa wakiwa wamekubeba."

Alikuwa ameacha kucheka. Amevua kofia. Ameiweka gotini, amekaa wima, ananisikiliza kama alivyotaka sisi tumsikilize miaka yote. Nikamaliza kwa desturi yake, nikauliza, "Kuna swali?"

Akanyoosha mkono. Kweli, alinyoosha mkono kama mtu wa kanisani. Nikasema kwa sauti ile ile, "Ndiyo, mzee wangu pale."

Akasimama, ameshika mwimo wa mlango. Ilinibidi niiname kumsikia.

"Mheshimiwa," akasema, "umesema vizuri. Naomba kuuliza. Huyu nimwache na nani?"

Na akaonyesha yale mawe.

Nikaweka mikono vizuri nyuma. Nikakohoa. Mtu yule hakuwahi kukosa jibu hata siku moja, mimi nimekaa chini ya majibu yake maisha yangu yote, na sauti yake ilikuwa mdomoni mwangu. Nilitafuta. Maji yanagonga ukuta, yanarudi. Mwisho nikasema lile wanalosema madiwani wengine wote, ambalo yeye hajawahi kutuambia sisi:

"Swali lako limepokelewa. Tutalifanyia kazi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akavaa kofia yake. Halafu akakaa, akanipisha upande wa kizingiti uliokuwa mkavu, tukanywa uji.